Daftari la Landrova ya babu

Najua nimepotea kama miezi mitatu, na nasikia wengine mlishaanza kusema jamaa kadisko kimya kimya, kakimbilia kwao Njombe kulima viazi. Hapana bwana. Nipo, chumba kile kile, kitanda kile kile cha juu, na jirani yangu bado anachemsha maharage kwa hita usiku wa manane. Kilichonipoteza ni gari. Tena si gari langu, mimi hata baiskeli sina. Ni Landrova ya babu.

Kisa kilianza mwishoni mwa Juni, tumebakiza mitihani miwili. Baba akapiga simu. Kwetu baba akipiga simu mchana ujue kuna msiba au kuna shida ya pesa. Safari hii ilikuwa pesa. Akasema wanunuzi wa chuma chakavu wamepita nyumbani, wamelizunguka gari la babu mara mbili, wametaja bei ya kilo na wameahidi kurudi na mzani. Mdogo wangu anaanza chuo cha ualimu Septemba na ada haijatimia. "Nakuarifu tu," akasema, "siombi ushauri."

Nikajikaza nikamwambia, "Baba, nipe mpaka mwisho wa Agosti. Likiwaka litabeba viazi, ada litajitafutia lenyewe."

Akacheka kile kicheko cha puani. "Limelala zaidi ya miaka 20, mwanangu. Hiyo miezi yako miwili ndiyo itakayoliamsha?" Lakini hakusema hapana, na kwa mzee wangu kutosema hapana ni mkataba tosha.

Basi leo nawasimulia habari ya kutafuta spea moja tu ya gari la zamani. Mtanivumilia, mimi ni mtu wa historia, na kila nilipofungua nati nilikuta historia imeganda ndani pamoja na grisi.

Kwanza mlijue gari lenyewe. Ni Land Rover 109, ile ndefu, Series IIA, ya mwaka 1970. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, yaani kama mita 2.77. Injini ni ya petroli, silinda 4, sisi 2,286. Series IIA zilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na ukitaka kujua kama dereva ni wa zamani kweli mpe hiyo aendeshe. Gia namba moja na namba mbili hazina sinkro, kwa hiyo kurudisha gia lazima ukanyage klachi mara mbili na upige resi kidogo katikati. Ukikosea gari zima linakutukana mbele za watu.

Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kibali, viwanda vinapanga foleni. Kampuni ya Rover pale Solihull ikaona isife na tai shingoni, ikatengeneza bodi ya aluminiamu ambayo ilikuwa inapatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mpaka leo bodi ya gari la babu haina kutu hata kidogo. Kinachooza ni chesisi, kwa sababu yenyewe ni ya chuma. Niliposoma habari hizo nikajisemea kumbe hili gari limezaliwa na uhaba. Uhaba wa wenzetu uliisha. Wa kwetu ulikuwa bado uko njiani unakuja.

Babu alikuwa dereva wa idara moja ya umma, na hilo gari alikabidhiwa likiwa jipya, linanuka rangi. Miaka hiyo Makambako ilikuwa inabadilika kila mwezi. Novemba 1965 Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ikabanwa, ikabidi mafuta na shaba vipitie Dar es Salaam. Malori yakawa yanapita kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola mwaka 1968, barabara ikawekwa lami, na kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA ikajengwa kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kimejaa mahandaki na madaraja. Babu anasema alikuwa akipita pale na Landrova yake mpya, anawaona Wachina na Watanzania wanachimba mlima, naye anajiona ndiye mwenye usafiri wa uhakika. Spea zilikuwepo wakati huo. Kikiharibika kitu unaandika fomu, unasubiri wiki mbili, kinakuja kwenye boksi lake na karatasi yake ya mafuta.

Halafu mambo yakageuka. Mnayajua haya kutoka darasani lakini ngoja niyataje kwa mpangilio wa gari. 1973 bei ya mafuta ya dunia ikapaa. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, tukaingia vitani, na malori mengi ya raia na mashirika yakaenda kubeba askari. 1979 mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikakauka, na uagizaji wa magari na spea ulikuwa mikononi mwa serikali na mashirika yake, kwa hiyo hazina ikikauka na rafu za duka zinakauka. Kulikuwa hata na amri ya kutoendesha gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Babu anakumbuka vijana walivyokuwa wanacheza mpira katikati ya barabara jioni za Jumapili.

Mwaka 1982 ile idara ikaamua gari ni bovu, likapigwa mnada. Babu akaliendesha mpaka uwanja wa mnada kama dereva, akarudi nalo nyumbani kama mwenye mali. Alikopa kwa ndugu wanne. Siku hiyo hiyo akanunua daftari la shule, la mistari, akaandika juu yake GARI.

Wandugu, hilo daftari ndilo lililonifanya niandike leo. Tunakaa pale Mlimani tunajadili nyaraka, nani aliandika, kwa nini aliandika, kumbe nyaraka imekaa miaka yote juu ya kabati la bibi. Kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, kila tatizo na tarehe yake. Nimenakili machache kama yalivyo:

"Juni 1982. Gasketi ya pampu ya maji. Nimekata boksi la sabuni, nimepaka grisi. Inashika."

"Februari 1983. Fenibelti imekatika Igwachanya. Nimefunga mpira wa tairi ya baiskeli, nimesimama mara 6 mpaka nyumbani."

"Agosti 1983. Plagi 2 nimepata. 2 za zamani nimesafisha kwa msasa."

"Mei 1984. Nimepanda treni Makambako hadi Tunduma. Kondensa 1, pointi seti 1. Nimelipa kwa maharage debe 2."

Hiyo ya Agosti 1983 haisemi plagi zimepatikana wapi, nikamuuliza. Babu akakaa kimya kwanza, kama vile kuna mtu anasikiliza dirishani. Mwaka 1983 ndio ulikuwa wa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu wakawa wanatupa bidhaa mtoni na baharini ili wasikutwe nazo. "Mjukuu wangu," akasema, "plagi mbili zilikuwa kosa. Nilizishonea kwenye pindo la koti." Fikiria, mtu mzima, baba wa watoto sita, anatembea Njombe mjini plagi zinamgonga magotini kwa hofu.

Kuanzia 1985 mwandiko unapumua kidogo. Mwaka 1984 serikali ilikuwa imeruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa bila kuulizwa sana zimetoka wapi, na 1986 ikasaini na IMF. Kwenye daftari unaona neno "mpya" linaanza kurudi: ringi mpya, klachi pleti mpya. Barabara ya lami ya Makambako kwenda Songea nayo ilijengwa miaka hiyo ya 80 kwa msaada wa Uingereza, babu akawa anapeleka viazi Makambako na kurudi siku hiyo hiyo. Ila uhuru wa soko ulikuja na mambo yake. Miaka ya 90 yakaanza kumiminika magari ya mitumba kutoka Japani, spea zake kila kona, na mafundi vijana wakaacha kujifunza Land Rover. Zamani babu alikosa spea kwa sababu hakuna aliyeweza kuziagiza. Sasa akazikosa kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuziagiza. Duka limejaa mpaka dari, cha kwako hakimo.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi unasema hivi: "Machi 2004. Hafu shafti ya kushoto nyuma imekatika Lusitu, tope, viazi gunia 14. Nimerudi kwa magurudumu ya mbele." Mstari wa chini yake: "Pesa ya shafti imekwenda hospitali." Baada ya hapo ni kurasa tupu.

Bibi alifariki Aprili 2004. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, na nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba gari lilisimama mwezi ule ule. Nilisoma mstari huo nimekaa juu ya ndoo, karakana ya baba ni chini ya mparachichi, na ndipo nikaelewa kwa nini baba kila akipita pale anageuza uso. Nilidhani anachukia uchafu.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe. Hafu shafti ni kile chuma kirefu kinachotoa nguvu kwenye difu na kuipeleka gurudumuni. Kwenye Land Rover ndefu za kizazi hicho zenye ekseli ya Rover, hicho ndicho kisigino cha ugonjwa. Mzigo mkubwa, gia kubwa ya tope, dereva anaachia klachi kwa pupa, chuma kinalia "ta!" na gari linabaki linanguruma bila kwenda. Uzuri wake ni kwamba kuna kitasa cha njano, ukikibonyeza magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Ndivyo babu alivyojikokota kutoka Lusitu, sehemu ya nyuma inavutwa na ya mbele kama mgonjwa.

Kabla ya kupanda basi nilitumia bumu langu kwa akili zangu mwenyewe, jambo ambalo halikuwa na akili. Nikaenda Gerezani, nikamtajia muuzaji "hafu shafti ya Landrova 109", akanitolea moja nzuri inang'aa, nikalipa, nikasafiri nayo nimeifunga kwenye shuka kama mtoto. Fundi wetu, mzee mmoja wa Makambako ambaye kichwani hana nywele na mkononi hana vidole viwili, akaipokea akaiangalia ncha. Akaanza kuhesabu meno. Ishirini na nne. Akanipa kitochi nichungulie kwenye difu nihesabu mwenyewe. Kumi.

"Hii ni ya Landrova za baadaye," akasema. "Difu yako ni ya meno 10. Ulimwambia mwaka?"

Sikumwambia mwaka. Mwanafunzi wa historia, nimesahau kutaja mwaka! Duka lenyewe halirudishi pesa, kwa hiyo hiyo shafti ipo chini ya kitanda changu hapa kampasi, nafungulia nayo nazi.

Wakati tunawaza cha kufanya, fundi alinionyesha jinsi ya kuitoa iliyovunjika. Unafungua bolti 6 katikati ya gurudumu, unavuta, kipande cha nje kinakuja chenyewe bila hata kupiga jeki. Tatizo ni kile kisiki kilichobaki ndani ya difu. Fundi alikuwa na sumaku ya duara aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameipasua na kukifunga kipande chake kwenye ncha ya fito. Akaiingiza taratibu mle ndani kama mtu anavua samaki. Tukasikia "tik". Akavuta. Kisiki cha 2004 kikatoka kimelala juu ya sumaku, na mpasuko wake bado unaonekana ulivyojisokota. Halafu tukashusha difu nzima tukaiosha kwa mafuta ya taa, maana vumbi la chuma likibaki mle ni sumu.

Wazo la kwanza lilikuwa kuchongesha. Mkerezaji mmoja pale Makambako alikubali kutuchongea kutoka kwenye shafti ya lori. Alitueleza vizuri sana: kwanza unakichoma chuma mpaka kiwe chekundu, unakiacha kipoe polepole ndani ya majivu ili kilainike na kisu cha mashine kiweze kukila. Unachonga meno. Kisha unakichoma tena na kukipoza haraka kwenye oili ili kiwe kigumu, halafu unakipasha moto mara ya tatu, kidogo tu, ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika kama chupa. Kipimo chake cha joto ni jicho, anaangalia rangi ya chuma kwenye giza la banda. "Ikiwa rangi ya damu mbichi, bado. Ikikaribia chungwa, umechelewa." Akatuambia ukweli kwamba yake itasukuma gari, lakini kwa tope na viazi hatoi dhamana.

Nikamuuliza hiyo ya kusoma rangi alifundishwa wapi. Akasema kwa babu yake, mhunzi, huko Upangwa.

Hapo ndipo mwanahistoria ndani yangu alipoamka. Milima hii ya kusini, kwa Wapangwa na Wakinga, ilikuwa nchi ya wahunzi muda mrefu kabla Mjerumani hajafika. Walichimba mawe, waliyeyusha kwenye tanuru la udongo kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Jembe lilikuwa chombo, mahari na pesa kwa wakati mmoja. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoingia kwa wingi, matanuru yakazimika. Ila uhunzi haukufa. Wahunzi waliacha kuyeyusha mawe wakaanza kufua vyuma vya magari, springi za lori zikawa majembe na visu. Kwa maana hiyo mkerezaji wa Makambako hajaanzisha kitu kipya. Yuko kazini kwa babu zake, mavazi tu ndiyo yamebadilika.

Na ndiye aliyetuambia, "Kabla hamjanilipa, mbona msiende kuangalia kule Mundindi? Kuna bibi ana 109 imekufa, kuku wanalala ndani."

Mundindi iko wilaya ya Ludewa, upande wa Liganga. Tukaondoka alfajiri kwa gari la abiria, ukungu wa Julai umelala barabarani mpaka huoni mkono wako. Ukishapita Lusitu, pale pale shafti ilipokatikia, sasa kuna barabara ya zege mpaka Mawengi. Fundi akaikagua kwa macho akasema babu yako angekuwa na hii 2004 angefika. Sikumjibu. Nilikuwa nafikiria kwamba angefika, lakini pesa bado ingekwenda hospitali, na bibi bado angeondoka.

Tulimkuta mwenyewe anakoboa mahindi. Tukampa shikamoo, tukapewa viti, tukapewa viazi vya kuchemsha, na habari ya gari haikuguswa mpaka viazi vilipoisha. Ndivyo inavyotakiwa. Mumewe alikuwa amenunua gari lile mnadani kama babu, likafia pale, naye mzee akaja kufa baadaye. Kwenye kiti cha dereva alikuwepo tetea ameatamia mayai.

"Vyuma chukueni," bibi akasema. "Mume wangu angefurahi kusikia vinatembea. Lakini kuku wangu asiamshwe."

Wandugu, sijawahi kufanya kazi kwa adabu kama siku ile. Bolti 6 kushoto, bolti 6 kulia, hakuna nyundo, hakuna kupayuka, fundi anapiga mafuta ya taa na kungoja, anapiga na kungoja. Ya kushoto ikatoka nzima. Tukahesabu meno kwa sauti ya chini, kama watu wanaosali. Kumi. Tukachukua na ya kulia iwe akiba. Bei tulipatana shilingi 60,000 na mfuko mmoja wa mbolea, na tetea hakufungua hata jicho.

Tukiwa tunasubiri usafiri wa kurudi, fundi akanipeleka mpaka kwenye jabali jeusi lililojitokeza kando ya njia. Akatoa ile fito yake yenye sumaku, akaisogeza karibu na jiwe. Sumaku ikaruka yenyewe ikang'ang'ania. Akaniachia niivute, ikabidi nitumie mikono miwili.

Hiyo ndiyo Liganga. Mawe yake ni chuma cha aina ya magnetaiti, chenye titani na vanadi ndani yake, na makadirio ambayo serikali imeyatangaza ni tani milioni 126. Watu wa jiolojia wanaijua tangu enzi za ukoloni. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda ili kuchimba chuma hapo na makaa ya mawe ya Mchuchuma, na kujenga kiwanda. Zaidi ya miaka 10 ikapita tanuru halijawashwa. Wapangwa walikuwa wanapata chuma kwenye milima hii kwa mivukuto ya ngozi. Sisi nilitoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 700, kuja kuokota kilo chache za chuma cha Solihull chini ya kuku, nimesimama juu ya mlima wa chuma. Nilitaka kumwambia fundi hayo yote, nikaona anafuta sumaku yake kwa kitambaa anairudisha mfukoni. Yeye alishayajua siku nyingi.

Kurudi nyumbani kazi ilikuwa ya mwendo wa kinyonga. Injini ilikuwa imeshikana. Tulitoa plagi zote 4 tukamimina dizeli na oili kidogo kwenye kila silinda, tukaiacha siku tano, halafu kila asubuhi nikawa naingiza hendeli mbele na kuisukuma kwa uzito wa mwili. Siku ya tisa ikasogea robo mzunguko, nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Tulipasua kabureta tukakuta nyigu wamejenga. Tangi la mafuta lililo chini ya kiti tulilisafisha kwa kokoto na sabuni, unatikisa mpaka mabega yanakufa ganzi. Mpira wa masta silinda ya breki ndio kitu pekee tulichokataa kubahatisha, tuliagiza mpya. Mambo ya boksi la sabuni yana mipaka yake, babu mwenyewe alisema.

Babu sasa macho yamekwenda, anaona kivuli tu. Tarehe 23 Agosti alikuja akakalishwa kwenye kiti karibu na tairi la mbele. Nikapiga stata. Ikakohoa. Nikapiga tena. Ikawaka, lakini inayumba, inatoa mlio kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Imechelewa," babu akasema. "Legeza distributa, izungushe kidogo mno. Rudi. Hapo! Kaza."

Ikatulia. Sauti ikawa moja. Mzee akaweka kiganja juu ya digadi akakiacha pale, injini inamtetemesha mkono mpaka begani, hakusema neno lingine.

Baba alikuwa shambani, akaja anakimbia nusu, anatembea nusu, jembe begani. Akasimama mbali. Nikamwambia baba panda tulijaribu. Akasita, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma akakaa kwenye benchi. Kiti cha mbele kushoto hakukigusa, na sasa sihitaji kuuliza kilikuwa cha nani. Tukaenda mpaka Kibena na kurudi. Namba mbili nilikosea mara nne, gari likanitukana mara nne, na babu kila mara anacheka kutoka mbele.

Wanunuzi wa chuma chakavu walirudi na mzani wao kama walivyoahidi. Baba akawauzia bomba la moshi lililooza, rimu mbili na mabaki ya banda, vyote kilo 31. Ile shafti iliyokatika babu alikataa isipimwe. Alimpa fundi aipeleke kwa mhunzi, irudi ikiwa mtaimbo.

Msidhani hadithi imeishia kwenye asali. Viazi vya safari tatu za Makambako vimelipa nusu ya ada, nusu bado tunadaiwa, na mdogo wangu ameanza chuo kwa barua ya ahadi. Petroli inanyweka humo kama maji ya kisima. Baba ananipigia kila wiki kuniambia gari lako linakunywa, siku hizi ni langu. Lakini hajamtaja tena mtu wa mzani.

Kabla sijapanda basi kurudi huku, babu aliniita akanipa daftari na kalamu. Nikaandika chini ya ule mstari wa hospitali, kwa mwandiko wangu mbaya: "Agosti. Hafu shafti ya kushoto, imetoka Mundindi. Inashika." Mwaka nikauweka pia. Nimeshajifunza.

Kwenu je, hakuna daftari kama hilo juu ya kabati? La duka, la kahawa, la cherehani, la mgonjwa? Mkienda likizo ulizeni kabla halijawashiwa jiko. Na kama kuna mtu ana Land Rover ya meno 24, aje chumbani kwangu tuongee biashara, ila aje na kisu cha kupasulia nazi nibaki na kitu.

Haya, tuonane kwenye supu asubuhi.